Yakobi, 1905: bunduki haikuthibitisha Injili

Simulizi la jinsi Ukristo ulivyoshika mizizi Ubena hupenda kuanzia Septemba 1905, pale wapiganaji wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani walipokishambulia kituo cha wamisionari wa Misheni ya Berlin huko Yakobi, jirani na mji wa leo wa Njombe. Mmisionari Paul Gröschel na waumini wake walijihami kwa bunduki, kituo kikasalimika, na wapo waliohitimisha kwamba siku hiyo Mungu wa Wakristo alithibitishwa na dawa ya maji ya wapiganaji ikaumbuka. Hitimisho hilo halina mashiko, ingawa ni rahisi kuona kwa nini linavutia.

Maji yenyewe yalijengwa juu ya kiu ya ithibati. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hakuwataka watu waamini hivi hivi tu: masimulizi ya kusini yanasema alizama majini akaibuka mkavu, na waliosikia wakaona hiyo ni hoja tosha. Dawa yake iliahidi jambo linalopimika, kwamba risasi za Mjerumani zingegeuka maji, na ikapimwa kweli. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliivamia boma ya Mahenge, bombomu zikawafyeka. Oktoba Wangoni nao wakapigwa na kikosi cha Kapteni Nigmann. Kilichothibitika hapo ni kwamba bombomu inaua. Injili haikuwa imeahidi lolote kuhusu risasi, na Agosti hiyohiyo Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa na wenzake karibu na Liwale. Kama kusalimika kwa Yakobi ni ushahidi wa kuutetea Ukristo, basi kifo cha Spiss ni ushahidi wa kuupinga. Anayeuleta mmoja mezani hana budi kuuleta na wa pili.

Atatokea wa kusema: mbona baada ya vita watu walimiminika misheni? Ni kweli. Lakini tukumbuke walitoka katika hali gani. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikafuata, na serikali yao yenyewe ilikadiria waliokufa kuwa 75,000, naye mwanahistoria G. C. K. Gwassa aliona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo mara kadhaa. Mtu aliyetoka katika hali hiyo akibisha hodi misheni anatafuta chakula, usalama na shule, na imani inaweza kuja pamoja navyo au baadaye. Tena katika kusini hiyohiyo, baada ya vita hivyohivyo, Uislamu nao ulienea.

Kipimo cha haki zaidi kilikuja miaka kumi na moja baadaye, wala hakizungumziwi sana. Mwaka 1916 Mjerumani alishindwa akafukuzwa nyanda za juu, na wamisionari wake wakaondolewa. Kama waumini wa vituo vya Kidugala na Yakobi walikuwa wamemwamini mshindi, huo ndio ulikuwa wakati wa kuiacha imani. Hawakuiacha; walimu wenyeji waliendelea kuzishika sharika hadi Wajerumani waliporudi katika miaka ya 1920. Hilo halithibitishi kwamba Mungu yupo. Linaonyesha tu kwamba imani yao haikuegemea mtutu wa bunduki.

Je, basi imani isipimwe kabisa? Hapana, huko ni kukwepa. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anaorodhesha mashahidi wa ufufuo na kukiri kwamba bila tukio hilo mahubiri yake ni bure. Dai la tukio huchunguzwa kwa kuwahoji mashahidi wake: walikuwa karibu kiasi gani, walikubaliana wapi, walipata hasara gani. Nalo dai la uponyaji wa mwili hupimwa hospitali. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliwavuta maelfu Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500, na baadhi ya wanywaji waliamini wamepona Ukimwi. Kwa Njombe, mkoa uliokuwa na kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote nchini, asilimia 11.4 ya watu wazima katika utafiti wa 2016–17, hili si suala la wanateolojia peke yao. Anayeambiwa madhabahuni kwamba amepona aendelee na dawa, arudi kliniki akapimwe. Na mchungaji wake awe wa kwanza kumhimiza.