Kilomita Sabini za Wajir

Fungua ramani kwenye simu, uchore mstari ulionyooka kutoka Mogadishu hadi Nairobi. Ni kama kilomita 1,010, safari ya saa moja na nusu hivi kwa ndege. Mstari huo unapita karibu juu kabisa ya Dadaab, kisha kaskazini kidogo ya Garissa, kwetu.

Sasa upitishe Wajir. Inakuwa kama kilomita 1,080. Umeongeza sabini tu, dakika chache za angani. Mwaka 2019 shangazi yangu alipoteza nusu siku humo.

Mei mwaka huo, Kenya na Somalia zikivutana juu ya mpaka wa baharini, Kenya ilirudisha agizo la zamani: ndege zitokazo Mogadishu kuja Nairobi zitue kwanza Wajir, abiria na mizigo yao wakaguliwe. Sababu iliyotolewa ni usalama. Na tusijifanye, watu wa Garissa hatuhitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Tulikuwepo Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa.

Babu alifariki alfajiri. Mazishi yetu hayasubiri. Shangazi akapata kiti asubuhi ileile, akatuma ujumbe: "Ndege inatua Wajir. Nitashukia hapo hapo, nichukue gari." Hesabu nzuri kabisa, maana ukipima angani, Wajir iko karibu nasi kuliko Nairobi. Lakini afisa aliyemwomba ruhusa alimjibu kwamba pasipoti yake itagongwa muhuri Nairobi, si pale. Basi akapanga foleni, akafungua sanduku, akalifunga, akapanda tena ndege. Kutoka Nairobi akarudi kwa barabara, kilomita kama 370. Alifika usiku. Babu tulikuwa tumemzika baada ya Alasiri.

Nadhani mzee mwenyewe asingeshangaa. Alizaliwa katika eneo ambalo Waingereza walilifunga kwa sheria ya 1902: kuingia au kutoka ni kwa kibali. Sheria nyingine ya 1934 ikakaza zaidi. Uhuru ulikuja Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki. Iliondolewa 1991. Hapo katikati, 1989, Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kuthibitisha kwamba ni Wakenya, wakapewa kadi za rangi ya pinki. Ya babu ilikaa kwenye mkebe wa majani chai, pamoja na kitambulisho chake, kana kwamba kimoja kilihitaji shahidi.

Saa za safari hazikumhusu sana. Ukirudi kutoka Nairobi, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mmeshushwa mara ngapi?" Ukisema mara mbili, alitikisa kichwa, njia imekuwa fupi siku hizi.

Novemba 2019, Rais Kenyatta na Rais Farmaajo walikutana Nairobi, na kituo cha Wajir kikaondolewa.

Shangazi hakungoja hiyo Novemba. Alirudi Mogadishu baada ya khitma. Agizo lilihusu wanaokuja, wanaoondoka hawakuwa na shida. Alipotua alinipigia simu, nikamuuliza safari ilikuwaje.

"Saa moja na nusu," akasema. "Hata sikumaliza chai."