Milango Miwili ya Kifungo

Wasomaji wetu wa Ipyana wajua kwamba jina hili maana yake ni neema. Walakini ndugu yetu akikamatwa, tusiende kuomba neema tu, bali tutafute haki, nasi tujue mlango wa kubisha.

Milango ni miwili. Wa kwanza ni dhamana: mshitakiwa huachiliwa akingoja hukumu, baada ya kuahidi kurudi na kuwekewa wadhamini. Hata Yasoni na wenziwe huko Thesalonike walitozwa dhamana, ndipo wakaachiliwa. Wa pili ni amri ya kale ya Waingereza iitwayo habeas corpus, iliyotiwa nguvu na Bunge lao mwaka 1679. Kwa amri hiyo jaji humwagiza mlinzi amlete mfungwa mbele yake, aeleze amemzuia kwa sheria gani. Asipokuwa na sheria, mfungwa hutoka.

Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1920. Lakini kwa sheria ya mwaka 1929, rufani za mabaraza ya wenyeji hazikufika kwa majaji. Zilipanda kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, mwisho kwa Gavana. Basi aliyetawala ndiye aliyeamua. Sheria ya mwaka 1963 ilivunja ukuta huo, mahakama za mwanzo zikawa chini ya Mahakama Kuu. Hata hivyo sheria ya kizuizini ya mwaka 1962 ilikwisha kukataza amri ya Rais ya kumzuia mtu isiulizwe mahakamani.

Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilifuta kifungu kimoja kilichonyima dhamana, kwa kuwa kilivunja uhuru wa mtu uliomo katika Katiba. Lakini mwaka 2020 ilisema kwamba kuwanyima dhamana walioshitakiwa kwa makosa kama kuua hakupingani na Katiba.

Hapa wengi hupotea. Ndugu za aliyeshitakiwa kwa kuua wakiomba habeas corpus ili apate dhamana, watarudi mikono mitupu. Amri hiyo haiulizi kama yafaa adhaminiwe, bali kama amezuiliwa kwa sheria. Lakini yule anayewekwa siku nyingi pasipo kufikishwa kwa hakimu, mlango wake ni huo, nao hufunguliwa na Mahakama Kuu, ambayo kwetu hukaa Mbeya.

Bwana wetu alisema kwamba amtazamaye mfungwa amemtazama yeye. Basi tumpelekee chakula, nasi tuulize: amefungwa kwa amri ya nani, na alifikishwa lini kwa hakimu?