Uso wa Mfalme Juu ya Stempu ya Misri

Mwanafunzi wangu mmoja alikuta ndani ya kitabu cha Kiarabu bahasha kuukuu yenye stempu ya Mfalme Faruq wa Misri, uso wake umepigwa mistari mitatu. Akadhani mwenye bahasha alikuwa mchamungu aliyechelea hukumu ya taswira. La, sivyo. Mistari ile ilichapwa na serikali yenyewe mwaka 1953, na sababu yake ni siasa, si fiqhi.

Tangu mwaka 1867 stempu za Misri zilibeba piramidi na sanamu la Abul-Hawl. Watawala hawakuonekana humo. Waingereza walipotangaza uhuru wa Misri tarehe 28 Februari 1922, Sultan Fuad alijiita mfalme tarehe 15 Machi, na stempu za zamani zikapigwa chapa ya Kiarabu, "Al-Mamlaka al-Misriyya", pamoja na tarehe hiyo. Mwaka 1923 ukatoka uso wa Fuad. Maana yake: nchi hii ina mwenyewe.

Lakini, ndugu msomaji, uhuru gani huo? Waingereza walijibakishia mambo manne, ulinzi na Sudan yakiwemo, na askari wao wa mwisho waliondoka Juni 1956. Hata Zanzibar, Seyyid Hamad bin Thuwaini alitiwa kwenye stempu mwaka 1896, ilhali nchi ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890.

Khalifa Abdul-Malik bin Marwan naye alitoa dinari zenye sura ya khalifa amesimama na upanga. Mwaka 77 H. (696) akaziacha, akaweka maandishi ya tauhidi. Hapo ndipo dola ya Kiislamu ilipojitenga hasa na sarafu za Warumi, bila ya uso wa mtu yeyote.

Ama hukumu ya kubeba stempu hizi, maulamaa wa Kishafii walikwisha kuzungumzia dinari za Kirumi zenye sura: hazikukemewa, kwani sura hudhalilika kwa kutumiwa na kupokezanwa, na wema waliotangulia walizitumia. Stempu hulambwa, kisha hugongwa muhuri usoni. Naiona iko karibu zaidi na dinari hizo kuliko picha inayotundikwa ukutani kwa kutukuzwa.

Faruq aliondolewa tarehe 26 Julai 1952, na jamhuri ikatangazwa tarehe 18 Juni 1953. Stempu zake zilizosalia hazikuchomwa moto. Zilipigwa mistari, zikaendelea kuuzwa.