Nelkon ya Baba Mdogo

Kwenye sanduku la bati la baba mdogo kulikuwa na kitabu kisicho na jalada. Ukurasa wa kwanza una jina lake kwa wino wa bluu, na chini yake mwaka: 1975. Ni Nelkon. Mliosoma fizikia ya kidato cha tano na sita hamhitaji maelezo. Kwa wengine, ni kile kitabu cha Nelkon na Parker, kilichotoka Uingereza mwaka 1958, ambacho kimepita mikononi mwa wanafunzi wa nchi hii kizazi kwa kizazi, kikishonwa uzi na kufunikwa magazeti. Mimi nilikirithi mwaka 2009, nilipochaguliwa PCM. Maswali yaliyomshinda baba mdogo alikuwa ameyawekea nyota pembeni. Mengi yao yakanishinda na mimi.

Tukiulizwa vitabu vilivyotulea, sisi wapenda kusoma huwa tunakimbilia kutaja Shaaban Robert na Kezilahabi. Nelkon hatuitaji. Lakini nikisema ukweli, hakuna kitabu nilichokisoma mara nyingi kama kile, na hakuna kilichowahi kunitoa machozi kama kile. Riwaya ikikuchosha unaiweka chini. Nelkon ukiiweka chini, unajua mwenzako wa kitanda cha juu bado anaisoma.

Mlango wa uhandisi haukuwa mwembamba kwa bahati mbaya. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963, kazi ziligawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Mtanganyika aliyetaka kuwa injinia alipanda basi kwenda Kenya. Chuo kile kilivunjika mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chake, na Mlimani ikabaki bila uhandisi mpaka 1973 kilipoanzishwa kitivo chake. Mwaka huohuo, 1973, ndipo lilipoundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa hiyo nyumba na geti lake vimezaliwa pamoja. Sidhani kama kuna aliyepanga iwe hivyo, ila mimi kila nikikumbuka nacheka kidogo.

Na ajabu ni kwamba mkuu wa nchi mwenyewe hakuipenda mitihani. Katika Elimu ya Kujitegemea, 1967, Mwalimu Nyerere aliilaumu kwa kupima uwezo wa mtu kukumbuka mambo na kuyatema anapotakiwa, bila kupima akili ya kufikiri wala tabia. Mwishoni mwa 1974 likaja Azimio la Musoma. Kuanzia hapo kidato cha sita hakwendi chuo moja kwa moja. Anakwenda JKT kwanza, kisha anafanya kazi kama miaka miwili, na anapoomba chuo anaambatanisha barua ya mwajiri na ya tawi la chama kwamba ni mtu mwenye mwenendo mzuri. Baadaye wasichana walilegezewa sharti hilo, maana idadi yao chuoni ilishuka.

Hapo ndipo anapoingia baba mdogo. Alimaliza kidato cha sita akiwa na alama nzuri kabisa. Akaenda jeshini, akarudi mweusi na mkakamavu, akapangiwa kazi ya kuhesabu magunia kwenye ghala. Nelkon alikuwa nayo. "Nilikuwa naiweka chini ya mto," aliniambia. "Siku za mwanzo naifungua kila usiku. Baadaye Jumapili tu. Baadaye, mwanangu, naigusa tu kuona kama ipo."

Nilimuuliza kilichomtesa zaidi ni nini, nikitarajia aseme jeshi. Akasema ni kutojua nani anamtazama. Mtihani ukishaufanya umeufanya. Lakini mwenendo mzuri haupumziki. Ukinywa pombe na watu usiowajua, ukibishana kwenye mkutano, ukichelewa kujitolea kuchimba msingi wa zahanati, unajiuliza kama barua yako imeshaandikwa au bado. Barua yake ya pili ilichelewa, fomu zikafungwa, akaambiwa asubiri mwaka mwingine. Mwaka mwingine ulipofika alikuwa na mke na mtoto mchanga, na hesabu za kalkulasi zilikuwa zimemtoka kichwani. Hakuomba tena. Simlaumu mtu, na yeye pia hamlaumu mtu kwa sauti.

Nilipoingia kidato cha tano, habari za barua za tawi zilikuwa hadithi za wazee. Sisi tulikuwa na alama peke yake. Kila somo A ni pointi moja, F ni saba, na ndoto ya kila mtu wa kombi yetu ilikuwa "one ya tatu", yaani A tatu mfululizo. Bwenini tulipiga msuli mpaka usiku wa manane. Wapo walioloweka miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usiwachukue. Wapo waliolamba kahawa kavu. Likizo waliokuwa na ndugu Dar es Salaam walikwenda tuisheni, wakarudi na madesa ya walimu ambao sisi wa mkoani tuliwajua kwa majina tu, kama wachezaji wa Simba na Yanga. Daftari moja la maswali yaliyosolviwa lilizunguka mabweni matatu, na mwenye nalo hakuwahi kufua nguo zake mwenyewe muhula mzima.

Kuna jambo moja watu hulisahau. Darasa letu la PCM lilikuwa dogo kwa sababu mchujo ulishapita zamani. Mitihani ya hisabati ya kidato cha nne, kwa miaka mingi, imekuwa ikifaulisha takriban mtu mmoja kati ya watano au pungufu. Shule za kata zilijengwa kwa kasi katikati ya miaka ya 2000, lakini mwalimu wa fizikia hajengwi kwa matofali. Matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Februari 2013, ambapo zaidi ya asilimia 60 walipata ziro kabla hayajapangwa upya, yaliishtua nchi nzima. Sisi tuliokuwa tumeshavuka tulijiona mashujaa. Kumbe tulikuwa tumebebwa na bahati ya mwalimu mmoja mzee aliyekataa kustaafu.

Halafu lugha. Darasa la saba nilikuwa najua mwendokasi ni nini. Kidato cha kwanza nikaambiwa jambo lilelile kwa Kiingereza, nikarudi kuwa mjinga. Mpaka kidato cha sita kuna wenzangu waliokuwa wanakokotoa swali gumu vizuri kabisa, ila swali la "eleza kwa nini" wanaliruka.

Jirani yangu wa dawati alikuwa bora kuliko mimi. Hilo sisemi kwa unyenyekevu, darasa zima lilijua. Kijijini kwao walishaanza kumwita Injinia tangu kidato cha nne. Baba yake aliuza ng'ombe wawili wa ada, na kila barua ya nyumbani ilimkumbusha ng'ombe hao, hata ilipokuwa inamsalimu. Februari 2011, siku ya mtihani wa kwanza wa hisabati, alikaa saa nzima bila kuandika. Nilimwona. Baadaye aliniambia namba zilikuwa zinatembea kwenye karatasi.

Mkeka ulipotoka, alikuwa na divisheni ya tatu. Mimi nilipata ya pili, ya mwishomwisho. Mwaka uliotangulia ndio walikuwa wameanza mfumo wa kuomba vyuo vyote kwa pamoja kwa mtandao, basi nikaenda kwenye intaneti kafe, nikapanga machaguo: la kwanza uhandisi wa umeme, la pili uhandisi wa ujenzi, na kuendelea mpaka la mwisho, ualimu wa sayansi, ambalo nililiweka kwa kuogopa nafasi ibaki wazi. Kompyuta ikanipa lile la mwisho. Mkopo nikapata. Nyumbani walishangilia, na baba mdogo alinipigia simu akaongea mambo ya mvua.

Jirani yangu alirisiti mara mbili. Mara ya pili hakwenda hata kutazama matokeo. Alipotea kama miaka mitatu, simu haipokelewi, kisha nikasikia yuko VETA anasoma umeme wa majumbani. Nyumba ninayoishi sasa nyaya zake kazifunga yeye. Kazi safi, wala taa haijawahi kucheza. Tulikula pamoja siku ile, tukaongea mpira na watoto. Nilipotaja bweni letu, aliinuka akasema anarudi kukagua swichi ya jikoni.

Katika Kichwamaji, iliyotoka mwaka uleule wa Musoma, Kezilahabi alituchorea msomi wa chuo kikuu anayerudi kijijini na kichwa kizito. Miaka yote nimekuwa nikitafuta riwaya ya Kiswahili ya yule aliyebaki nje ya chuo akiwa na Nelkon chini ya mto. Kama mnaijua, nitajieni, maana mimi sijaiona.

Nafundisha fizikia mwaka wa tisa sasa. Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha tano aliniazima kile kitabu. Nilisita, kisha nikampa. Amekirudisha juzi kimefunikwa gazeti jipya. Kwenye sura ya umeme, pembeni mwa nyota moja ya baba mdogo, kuna mistari minne ya penseli na jibu limepigiwa mstari mara mbili. Nimelipiga picha nimtumie mzee. Bado sijakaa kulihakiki.