Kozi ya Ushushushu: Msee Aliyeipitia Anaweza Kukwambia Nini?

Chukulia umeshuka kwa boti pale gati ya Mtangawanda, unasaka boda ya kukufikisha Siyu ama Faza. Jamaa anakusongea polepole, anakwambia ametoka kozi ya NIS juzi tu, mazoezi yalikuwa moto, na kuna nafasi mbili zimebaki za vijana wa Pate. Anataka elfu kadhaa tu za "fomu". Buda, kabla utoe hata bob moja, hebu tuongee.

NIS ni Idara ya Kitaifa ya Ujasusi. Kifungu cha 239 cha Katiba ya 2010 kinaitaja kama moja ya vyombo vitatu vya usalama wa taifa, pamoja na jeshi na polisi. Sheria yake ni ya 2012, na mkurugenzi wake, Noordin Haji, aliingia ofisini 2023 akitoka kuwa mkuu wa mashtaka ya umma. Zamani ilikuwa Special Branch, ndani ya polisi. James Kanyotu aliiongoza kuanzia 1965 hadi 1991, na miaka hiyo ndiyo iliyozaa stori za vyumba vya mateso vya Nyayo House. Sheria ya 1998 ndiyo iliyoitenga na polisi, ikaitwa NSIS chini ya Brigedia Wilson Boinett. Ukiona mzee anashusha sauti akisikia neno "Special", hiyo ndiyo sababu.

Idara ina chuo chake. Sasa swali lako ni: ndani wanafundishwa nini? Hapo ndipo jamaa wa gati anaanza kuchomeka. Sheria ya 2012 inamkataza afisa kumwaga siri za kazi bila ruhusa, na juu yake kuna ile ya zamani ya siri za serikali. Mtu aliyepitia kweli hana ruhusa ya kukupea maoni yake kuhusu kozi, iwe ilikuwa tamu ama chungu. Anayekusimulia kila kitu akingoja boti, ama anavunja sheria ama hajawahi kukanyaga huko. Mimi pesa yangu naiweka kwa la pili.

Kwa hivyo ukitaka maoni ya mwanafunzi, itabidi uangalie ng'ambo, kwa wale walioandika vitabu.

Richard Tomlinson aliingia MI6 ya Uingereza 1991, akafutwa 1995. Alipompa mchapishaji muhtasari wa kitabu chake alishtakiwa, na 1997 akahukumiwa miezi 12 jela. Muhtasari tu, si kitabu! Kitabu chenyewe, The Big Breach, kilitoka 2001. Kwenye kozi, anasema, waliachiliwa kwa mabaa ya mji wa Portsmouth na kazi moja: mwendee mtu usiyemjua, piga naye stori mpaka akupe jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, kazi yake na hata namba ya pasipoti, bila yeye kushtuka. Hakuna bunduki hapo wala kuruka ukuta. Ni mdomo na masikio.

Lindsay Moran naye alipitia kambi ya CIA inayoitwa The Farm, jimbo la Virginia, akaacha kazi 2003. Kitabu chake kinaitwa Blowing My Cover. Yeye alifundishwa zile za sinema: kugonga vizuizi kwa gari, kuruka kwa parashuti, kutekwa kwa mazoezi. Na bado amejaa kejeli, maana kazi yenyewe alipoifikia ilikuwa zaidi kukutana na watu, kuwapima, kisha kurudi kuandika ripoti. Ripoti juu ya ripoti. Kama ulichukia insha shuleni, hii kazi itakulaza.

Sasa lete hayo mafunzo Mtangawanda uone. Mgeni kutoka Nairobi anajulikana kabla nahodha hajafunga kamba. Akifungua mdomo ndiyo kabisa, maana hapa mtu wa Siyu anasikika tofauti na mtu wa Pate, na Mbajuni wa Faza tofauti na wote wawili. Hiyo mbinu ya baa ya Portsmouth haifanyi kazi mahali ambapo swali la pili mtu anakuuliza ni "wewe ni wa nyumba ya nani?" Kwa maoni yangu, kijana aliyelelewa hapa ana kitu ambacho darasa haliwezi kumpa mtu wa bara hata kwa miaka. Na Katiba iko upande wake: Kifungu cha 238 kinasema uajiri wa vyombo vya usalama uonyeshe sura ya Wakenya wote kwa uwiano wa haki. Hiyo ni haki ya kudai mchana, hainunuliwi kwa fomu ya kichochoro.

Halafu kuna hatari ambayo tapeli hatakwambia. Lamu si mahali pa kujigamba eti wewe ni shushushu. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu. Septemba 2015 serikali ikaanzisha operesheni ya Linda Boni. Januari 5, 2020, Al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay, Wamarekani watatu wakafa. Hawa ni watu ambao wamewaua wengi kwa kuwashuku tu kuwa majasusi. Upande wa pili, mashirika kama Haki Africa yamelalamika miaka mingi kuhusu vijana wa Pwani waliochukuliwa wasionekane tena. Ukianza kusambaza kwa WhatsApp kwamba "nimeingia NIS", umesimama katikati ya hao wote bila mshahara wala ulinzi, na barua uliyonayo ni feki.

Barua feki si mchezo. Kwa upande wa jeshi, vijana wameshawahi kufika kambi ya kuruti Eldoret na barua za kuitwa walizouziwa, wakajikuta mikononi mwa polisi badala ya gwaride. Wazazi walikuwa wameuza ng'ombe ama shamba.

Kwa hivyo shika hivi. Kujiunga na kazi ya serikali hakulipiwi. Nafasi zikiwepo hutangazwa wazi, kwa gazeti ama tovuti rasmi, na hakuna mtu anayekuomba utume kwa namba yake binafsi. Anayekuharakisha, "leo jioni ndiyo mwisho", mwache aende na boti yake. Usimpe picha ya kitambulisho pia, hiyo anaweza kukukopea nayo.

Na kama ushatuma? Usikae na aibu. Ile meseji ya M-Pesa ya muamala, itume kwa 456 saa hiyo hiyo uombe pesa irudishwe. Ukichelewa atakuwa ameshazitoa. Namba yake na meseji zake zitume kwa 333. Usifute chochote. Kisha nenda na simu yako kituo cha polisi Faza, uandikishe, na udai namba ya OB kabla utoke.