Mwenye nyumba anayekaa mbali

Juma hili nataka tuzungumze juu ya Shirika la Nyumba la Taifa na namna linavyoongozwa. Najua mtu wa Dar es Salaam habari hii anayo midomoni kila mwisho wa mwezi. Lakini mimi leo nataka tuitazame tukiwa tumesimama Mbinga, kule juu kwenye milima ya Umatengo, ambako mpangaji hulipa kodi ya pango kwa mkulima wa kahawa aliyejenga vyumba vitatu vya ziada uani kwake. Pengine mtauliza, Mbinga na Shirika la Nyumba wapi na wapi? Hilo ndilo hasa ninalolitafuta. Shirika linaitwa la Taifa, na Mbinga ni taifa.

Tuanze mwanzo. Shirika liliundwa kwa sheria mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mbichi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvunja mabanda ya udongo katika mitaa kama Magomeni na kusimamisha nyumba za matofali ya saruji mahali pake, kwa fedha za serikali na msaada wa Ujerumani Magharibi. Ilikuwa kazi ya kupendeza macho. Hata hivyo ulipofika Mpango wa Pili wa Maendeleo, mwaka 1969, serikali yenyewe ilikwisha kuona hesabu haziendi. Ukivunja nyumba moja na kujenga moja pale pale, umetumia fedha nyingi na hujaongeza hata chumba kimoja. Nasema hivi si kuwacheka wazee wetu. Wao walisahihisha njia ndani ya miaka saba, jambo ambalo warithi wao hawakulifanya kwa haraka hiyo.

Kisha ukaja mwaka 1971. Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na kwa siku chache serikali ikawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote nchini. Kwa kiwango hicho cha thamani, ni wazi sheria ilikuwa na macho ya Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mwanza. Majumba yale hayakukabidhiwa kwa Shirika la Nyumba. Iliundwa ofisi nyingine kabisa, ya Msajili wa Majumba. Basi nchi ikawa na wenye nyumba wawili wa umma, mmoja mjenzi na mwingine mkusanyaji wa kodi, kila mmoja na ofisi zake, magari yake na wakubwa wake. Iliwachukua miaka karibu ishirini kuunganishwa, hadi sheria ya mwaka 1990 ilipomvunja Msajili na kuyatia majumba yake ndani ya Shirika.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo ulipo mzizi wa maneno. Mwenye nyumba wa kawaida, awe mwema au mkali, anapita. Anaona bati limetoboka. Anajua mpangaji wake ameoa, amefiwa, ameachishwa kazi. Mwenye nyumba huyu mpya alikuwa faili. Kodi ilishikiliwa chini kwa sheria, na nia ilikuwa njema, mfanyakazi asinyonywe. Lakini kodi ikiwa ndogo kuliko gharama ya rangi na bomba, ukuta unapasuka na hakuna wa kuuziba. Tena kodi ndogo iliuzaa ule mchezo mashuhuri wa mjini. Aliyekuwa na jina katika daftari alihama, akamweka mtu mwingine kwa kodi kubwa mara kadhaa, na tofauti akaitia mfukoni. Aliyetaka chumba alitoa kilemba kwanza. Ruzuku ya taifa zima ikawa mali ya yule aliyewahi kumjua mtu ofisini.

Sasa jiulizeni, ruzuku ile ilitoka wapi? Ilitoka katika mazao. Nchi yetu ya wakati ule iliishi kwa pamba, katani, korosho, chai na kahawa, na mkulima hakulipwa bei yote ya soko la dunia. Kwa hiyo mkulima wa Mbinga aliyekuwa akianika kahawa yake juani alikuwa, bila kuambiwa, akimchangia pango mtu anayeishi ghorofani mjini. Hakupata kuulizwa. Katika bodi hapakuwa na kiti chake, wala cha mpangaji mwenyewe. Mwenyekiti na Mkurugenzi Mkuu walitoka kwa Rais, wajumbe wakatoka kwa Waziri, na ripoti zilipanda njia ile ile walikotoka wao.

Naomba msinielewe vibaya. Haikuwa kwamba mkulima alisahauliwa kwenye karatasi. Mwaka 1974 ulianzishwa mfuko wa nyumba wa wafanyakazi na wakulima, na waajiri wakatozwa sehemu ya mishahara wanayolipa ili kuutunisha. Mfuko ule uliendeshwa na Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973. Jina la mkulima lilikuwamo. Lakini benki, hata ya umma, hupenda hati na mshahara, na shamba la mlimani halina hivyo viwili. Benki yenyewe ilifungwa mwaka 1995, imelemewa na mikopo isiyorudi.

Kuna na jambo la pili ambalo watu wa mjini hulisahau. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa ule utaratibu wa Madaraka Mikoani, na hazikurudi hadi 1984. Miaka kumi na miwili! Katika miaka hiyo, mwalimu aliyepelekwa Litembo au Mbamba Bay, akikosa nyumba, hakuwa na diwani wa kumlalamikia. Alikuwa na ofisa, na ofisa alikuwa na ofisa wake mkoani. Kama si nyumba za misheni, za Wabenediktini milimani na za Waanglikana kule Liuli ufukweni, sijui walimu na wauguzi wengi wangelala wapi.

Na wenyeji? Wenyeji walijenga. Yeyote aliyepita Umatengo ameona zile nyumba za matofali ya kuchoma zilizoezekwa bati, zimepandana na mteremko juu ya mashamba ya ngoro. Hazikujengwa na shirika lolote. Zilijengwa na kahawa, ambayo imelimwa kule tangu miaka ya 1920. Mwaka mzuri ulileta bati, mwaka uliofuata ukaleta saruji ya sakafu, mwaka mbaya ukaacha madirisha yamezibwa kwa mbao.

Wamatengo walikuwa pia na utaratibu wao wa kuamua mambo ya makazi. Ukoo uliishi katika ntambo, yaani mlima wake mmoja kati ya vijito, na mambo yaliamuliwa katika sengu, pale walipokaa na kula pamoja. Atakayepewa kiwanja, atakayesaidiwa kujenga na aliyevuka mpaka wa mwenzake walijadiliwa hapo hapo, sahani ikiwa katikati. Sitaki kuipamba sengu. Sauti kubwa ilikuwa ya wazee wa kiume, na kijana asiyependwa na mzee alikuwa na shida. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho bodi zetu hazina. Aliyeamua jambo baya kesho yake alikula tena na wale wale aliowadhulumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walipofanya kazi kijijini Kindimba mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, waliliona hilo, na kamati ya kijiji iliyosimamia mashine ya kusaga ya maji ilipewa jina hilo hilo la Sengu.

Msije mkadhani kwamba kila kilichokuwa cha karibu kilikuwa salama. Chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilikuwa cha wakulima wenyewe, kikikopesha pembejeo kwa dhamana ya kahawa. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa katikati ya miaka ya 1990, chama kikaanguka na madeni yake. Hoteli iliyobeba jina lake mjini Mbinga iliwakumbusha wapita njia kwamba hapo zamani palikuwa na chama. Mkulima aliyezoea kupata pembejeo kwa mkopo alibaki na shamba na nyumba ambayo haijaisha. Maana yake ni kwamba uongozi unaweza kukaa umbali wa kutembea kwa miguu na bado ukawa mbali nawe, kama mahesabu huyaoni.

Turudi kwa serikali. Mwaka 2002 uliundwa Wakala wa Majengo, na tangu wakati huo zikauzwa nyumba za serikali zaidi ya 7,000, nyingi kwa wale wale waliokuwa wakikaa ndani kwa sababu ya vyeo vyao. Hoja ilikuwa kwamba matengenezo yanaigharimu serikali mno. Inawezekana. Lakini nyumba ya mkuu wa idara si zawadi ya mtu, ni kifaa cha ofisi, kama meza na taipureta. Zikasikika baadaye habari za wakubwa wapya kuishi hotelini kwa gharama ya umma kwa kukosa nyumba zilizouzwa. Sikumbuki mwananchi wa kawaida akiulizwa kabla ya uamuzi ule. Katika historia yote ya nyumba za umma nchini, hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na nalisema wazi.

Shirika la Nyumba lenyewe lilibadilika mwaka 2005. Sheria ya kudhibiti pango ilifutwa, likaruhusiwa kuendesha mambo yake kibiashara. Mwaka 2010 Rais akamteua Nehemia Mchechu, mtu aliyetoka katika mabenki, kuwa Mkurugenzi Mkuu. Tumpe haki yake, Shirika liliamka. Lilikopa, likajenga, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi likatoka mijini mikubwa. Zikaonekana nyumba za gharama nafuu Mvomero, Mkinga, Kongwa, Longido, na kwa mkoa wetu wa Ruvuma, Mkuzo kule Songea. Songea hadi Mbinga si mbali, na lami nayo ilifika Mbinga katika miaka hiyo ya 2010.

Lakini gharama nafuu kwa nani? Juu ya bei ya nyumba ilikaa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Maji, umeme na barabara za mradi mara nyingi vilimwangukia mjenzi, na mjenzi akamhamishia mnunuzi. Mwalimu wa shule ya msingi aliyetazama bei ile alirudi kwa mwenye vyumba vitatu uani. Huko Dar es Salaam, miradi mikubwa ya Kawe na Morocco ilisimama baadaye, mikopo ikawa mjadala. Juni 2018 Rais aliyefuata akatengua uteuzi wa Mkurugenzi yule. Machi 2022 Rais mwingine akamrudisha, na Februari 2023 akamhamishia kuwa Msajili wa Hazina, ofisi inayoyasimamia mashirika yote ya umma, Shirika la Nyumba likiwemo.

Simhukumu mtu. Wengine watasema alikuwa hodari, wengine watasema alikimbia mno. Ninachotaka mkione ni kwamba katika miaka kumi na mitatu Shirika lilikwenda mbio, likasimama, kisha likaanza tena, kufuatana na nani kateuliwa na nani katenguliwa. Mpangaji, mnunuzi na halmashauri walisoma habari hizo gazetini kama mimi na wewe. Akija mtu mzuri ni bahati yao, na asipokuja hawana la kufanya.

Nitawaambia nini kilichofanana zaidi na shirika la nyumba za umma katika vijiji vya Mbinga. Ni kamati ya shule. Katika mpango wa elimu ya msingi, MMEM, kuanzia mwaka 2002, fedha za kujenga madarasa na nyumba za walimu zilipelekwa shuleni, na kamati ya wazazi ikawa mjenzi. Wazazi walijua tofali linauzwaje kwa sababu wengine wao ndio wachomaji. Mapato na matumizi yalitakiwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Najua palikuwa na ujanja, na fedha zilichelewa, na nyumba nyingine zilibaki bila choo. Hata hivyo mzazi aliyesimama mbele ya ubao ule na kuona mifuko ya saruji iliyoandikwa haifanani na ile aliyoibeba mwenyewe, alikuwa na mahali pa kuuliza na mtu wa kumjibu, jioni ile ile.

Sasa wilaya ya Nyasa imetengwa na Mbinga tangu mwaka 2012, makao yake Mbamba Bay, na Mbinga yenyewe ina halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji. Makao mapya yana maana ya maofisa wapya, na maofisa wanataka pa kulala. Kule ziwani nyumba za kupanga ni chache na mvuvi hajengi kwa ajili ya mhasibu. Likija Shirika, au Wakala, au mwekezaji mwenye mkataba na serikali, madiwani wa kule wana haki ya kuuliza, kabla jiwe la msingi halijawekwa, ni nani atakayepanga kodi, daftari la wapangaji litakaa ofisi gani, na bomba likipasuka usiku Mbamba Bay simu itapigwa wapi.