Bunduki ya Mgeni Hifadhini: Safari ya Kanuni Moja ya Marekani

Mgeni anayeingia leo katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone anaruhusiwa na sheria ya Marekani kuwa na bastola yenye risasi kiunoni, mradi sheria za jimbo alimo hazimkatazi. Ruhusa hiyo ilianza tarehe 22 Februari 2010. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya karne moja, bunduki ya mgeni katika hifadhi nyingi ilikuwa kitu cha kupigwa muhuri, kufungiwa au kuachwa nje ya mpaka.

Yellowstone ilipoanzishwa mwaka 1872 hakukuwa na marufuku ya silaha. Sheria ilikataza tu kuua wanyama ovyo na kwa biashara, na wasafiri waliendelea kuwinda kwa ajili ya chakula. Nchi yenyewe haikuwa tulivu. Mwaka 1877 kabila la Nez Perce, likikimbia jeshi la serikali, lilikatiza katikati ya hifadhi na watalii wawili wakauawa. Hata hivyo, walioumia zaidi kwa bunduki za miaka hiyo ni wanyama. Wachuna ngozi waliangusha kulungu na nyati kwa wingi, na uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1883 hakukuwa na nguvu ya kuisimamia amri hiyo.

Nguvu ilikuja Agosti 1886, wapanda farasi wa jeshi chini ya Kapteni Moses Harris walipokabidhiwa ulinzi wa hifadhi. Askari walianza kuzikagua silaha za wageni na kuzipiga muhuri, ili mwenye nayo apite bila kuitumia. Lakini jangili aliyekamatwa hakuwa na adhabu zaidi ya kufukuzwa. Machi 1894 alinaswa mtu akiwachuna nyati aliokuwa amewaua, na habari hiyo ilipochapishwa, Bunge lilipitisha ndani ya miezi miwili sheria iliyoweka kifungo cha hadi miaka 2 na faini ya hadi dola 1,000. Ilikuwa imechelewa mno. Kufikia mwaka 1902 nyati wa porini waliobaki Yellowstone walikuwa kama dazeni mbili tu. Marufuku ya bunduki, kwa hiyo, ilizaliwa na hasira juu ya ujangili. Usalama wa mgeni haukuwa hoja hata kidogo.

Idara ya Hifadhi za Taifa iliundwa mwaka 1916, na kanuni zake za mwaka 1936 ziliieneza marufuku hiyo nchini: hakuna silaha bila kibali cha maandishi cha msimamizi. Mwaka 1983, chini ya serikali ya Rais Reagan, kanuni ililegezwa kidogo. Mgeni angeweza kupita na bunduki ndani ya gari, lakini iwe haina risasi na imefungwa mahali pasipofikika kwa haraka. Alaska ilikuwa na njia yake. Sheria ya mwaka 1980 ilipounda hifadhi kubwa huko, wenyeji waliachiwa uwindaji wa kujikimu, na kubeba bunduki katika ardhi hizo mpya kuliruhusiwa. Eneo la zamani la Mlima McKinley, ambalo leo ni kiini cha Hifadhi ya Denali, lilibaki chini ya marufuku.

Hofu ya dubu ilikuwa na historia yake pembeni ya kanuni hizo. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1967, katika Hifadhi ya Glacier jimboni Montana, dubu wawili waliwaua wasichana wawili katika kambi mbili tofauti, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 19. Wakuu wa hifadhi hawakujibu kwa kuwapa wageni silaha. Walitafuta kilichowaleta dubu kambini, nacho kilikuwa mabaki ya chakula cha binadamu. Majalala yakafungwa na sheria za kuhifadhi chakula zikakazwa. Katika miaka ya 1980 mtafiti Carrie Hunt wa Chuo Kikuu cha Montana alijaribu vitu mbalimbali vya kumfukuza dubu bila kumuua, na kutokana na kazi hiyo likaingia sokoni kopo la pilipili ya kupuliza. Hatua hizi zinastahili sifa kubwa kuliko zinazopewa, kwa kuwa ziliwaokoa watu na dubu kwa pamoja.

Mabadiliko makubwa hayakuletwa na dubu. Desemba 2007 maseneta 47 walimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani, Dirk Kempthorne, ambaye wizara yake ndiyo inayosimamia hifadhi, wakitaka sheria za silaha za kila jimbo zifuatwe pia ndani ya hifadhi zilizomo. Walisema msafiri mtiifu hageuki mhalifu kwa kuvuka mpaka wa hifadhi. Wakurugenzi saba wa zamani wa Idara ya Hifadhi walipinga kwa pamoja, wakiona kwamba kanuni iliyopo haimlemei mgeni na kwamba kuiondoa kungewaongezea hatari askari wa hifadhi na wanyama. Juni 2008 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Heller, ilitambua haki ya mtu binafsi kumiliki silaha nyumbani. Hukumu hiyo haikuhusu hifadhi, lakini iliwapa nguvu wanaharakati wa silaha, na Desemba mwaka huo serikali ya Rais Bush ilitoa kanuni mpya iliyowakubalia maseneta.

Kanuni hiyo haikudumu. Tarehe 19 Machi 2009 Jaji Colleen Kollar-Kotelly aliizuia, akisema wizara haikuchunguza athari zake kwa mazingira kama sheria inavyodai. Seneta Tom Coburn wa Oklahoma akapita mlango mwingine: aliambatanisha kifungu cha silaha na muswada wa kadi za mkopo ambao Rais Obama aliutaka sana. Seneti ilikipitisha kwa kura 67 dhidi ya 29, Baraza la Wawakilishi kwa 279 dhidi ya 147, na Rais akatia saini tarehe 22 Mei. Sheria ya madeni ya benki ikawa ndiyo iliyoamua nani abebe bastola msituni, na swali zito namna hiyo lilistahili mjadala wake lenyewe.

Miezi mitatu baada ya sheria kuanza kutumika, wasafiri wawili wa miguu huko Denali walisikia kishindo kichakani. Dubu akatoka na kumwelekea mwanamke, na mwenzake akafyatua risasi tisa za bastola. Mzoga ulipatikana karibu na hapo. Kubeba bastola hiyo sasa kulikuwa halali, lakini kuifyatua bado kulikatazwa.

Swali la kama bunduki humwokoa mtu mbele ya dubu, watafiti wamelichunguza. Tom Smith na wenzake walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa matukio 83 ya pilipili ya kupuliza huko Alaska: ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Mwaka 2012 walitoa mwingine wa matukio 269 yaliyohusisha silaha za moto. Bastola ilifaulu kwa asilimia 84 na bunduki ndefu kwa 76, lakini waliofyatua na waliokuwa na silaha bila kuitumia hawakutofautiana katika kiwango cha kujeruhiwa. Dubu anayekuja mbio haachi nafasi ya kulenga. Kwa ushahidi huo, hoja ya bastola hifadhini hubaki kuegemea zaidi hofu ya binadamu wenzetu.

Katika hifadhi za Tanzania, mgeni haingii na silaha bila idhini, na kwenye matembezi ya miguu bunduki hubebwa na askari wa hifadhi. Marekani imemkabidhi mgeni mwenyewe jukumu hilo, huku uwindaji ukiendelea kukatazwa katika hifadhi nyingi na silaha zikizuiwa ndani ya majengo ya serikali, kama vituo vya wageni. Kwa kuwa Yellowstone imo katika majimbo matatu, Wyoming, Montana na Idaho, mwenye bastola hupaswa kujua yuko upande gani wa mstari usioonekana. Katika Hifadhi ya Yosemite, jimboni California, bastola yenye kibali cha jimbo inaweza kupita, ilhali kopo la pilipili ya dubu limepigwa marufuku.